Kuunda Sauti kwa Hesabu: Sinthesaiza ya Yamaha DX7

Mwaka 1983 kampuni ya Yamaha ya Japani ilileta sokoni kinanda cha elektroniki kilichoitwa DX7. Kilikuwa na vibao 61 vya kupigia, kioo kidogo cha maandishi chenye mistari miwili, safu ya vitufe bapa, na kitelezi kimoja cha kubadilishia namba. Spika hakikuwa nayo. Katika miaka michache viliuzwa vinanda zaidi ya laki moja, na sauti yake ya piano ya umeme ikasikika katika nyimbo nyingi za redio za miaka hiyo.

Hata hivyo, wengi walionunua chombo hicho walitosheka na sauti 32 zilizowekwa tayari na kiwanda. Waliokuwa wamezoea sinthesaiza za zamani, ambazo kila kazi ilikuwa na kirungu chake cha kuzungusha, walikuta namba zaidi ya mia moja kwa kila sauti, zote zikipitia kioo kimoja na kitelezi kimoja. Ikavuma kwamba DX7 haieleweki. Uvumi huo haukuwa wa haki. Kinachofanyika ndani ya DX7 ni hesabu za sini, ambazo mwanafunzi wa sekondari hukutana nazo darasani, na anayezijua anaweza kutabiri sauti kabla hajagusa kibao. Ni vifaa vichache vya muziki vinavyompa mwalimu wa fizikia nafasi kama hiyo.

Rangi ya sauti

Kila mwanafunzi hufundishwa kwamba sauti ni mtetemo, na kwamba idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani marudio, ndiyo inayoamua kama sauti ni nene au nyembamba. Marudio hupimwa kwa hezi. Lakini tarumbeta, fidla na filimbi zikipigwa zote kwa hezi 440, tena kwa nguvu ileile, hakuna msikilizaji atakayezichanganya. Tofauti inayobaki baada ya kuondoa marudio na nguvu huitwa rangi ya sauti.

Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto, alionyesha jinsi umbo linalojirudia linavyoweza kuvunjwa kuwa jumla ya mawimbi ya sini. Kwa sauti ya hezi 440, mawimbi hayo huwa na marudio ya 440, 880, 1320, 1760 na kuendelea, yaani vigawe vya marudio ya msingi. Rangi ya sauti hutegemea zaidi kimo cha kila kigawe. Kwa hiyo njia ya wazi ya kuunda tarumbeta ni kujumlisha vigawe vyake kimoja kimoja. Njia hiyo ni sahihi, ila ni ya gharama. Sauti moja ingehitaji mawimbi kumi au zaidi, kila moja likikua na kufifia kwa namna yake; mpigaji akibana vibao kumi kwa pamoja, yatahitajika mawimbi mia. Mitambo ya miaka ya 1970 isingeyamudu hayo kwa bei ambayo mwanamuziki wa kawaida angeweza kulipa.

Mtikisiko uliogeuka kuwa rangi

Mpiga fidla wa taarabu anapotikisa kidole juu ya uzi, marudio ya sauti hupanda na kushuka kidogo, mara tano au sita kwa sekunde. Sikio hulifuata tikisiko hilo bila taabu. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko California, mtunzi wa muziki John Chowning alikuwa akiigiza mtikisiko wa namna hiyo kwa kompyuta. Aliuongeza kasi, akaupanua, akaendelea kuuongeza hadi kufikia kasi ambayo hakuna kidole cha binadamu kinachoiweza. Mtikisiko ulipopita mara ishirini au thelathini kwa sekunde, sikio liliacha kuusikia kama mtikisiko. Mahali pake ilisikika sauti moja iliyotulia, yenye rangi mpya kabisa. Mawimbi mawili tu ya sini yalikuwa yametoa vigawe vingi.

Wahandisi wa redio walikuwa wakiijua hesabu hiyo tangu zamani. Ndiyo inayotumika katika matangazo ya FM, ambamo wimbi la redio la hezi milioni mia hivi hubadilishwa marudio yake na sauti ya mtangazaji. Katika redio, wimbi linalobeba haliwezi kusikika. Jambo jipya kwa Chowning lilikuwa kuyaweka mawimbi yote mawili, linalobeba na linalogeuza, ndani ya eneo linalosikika na sikio. Alichapisha maelezo yake mwaka 1973. Makampuni ya vinanda ya Marekani yalionyeshwa ugunduzi huo na hayakuvutiwa. Yamaha ikachukua leseni yake. Hataza ilitolewa mwaka 1977, na ikaja kukiingizia chuo hicho zaidi ya dola milioni 20. Si jambo baya kwa mtunzi wa muziki aliyeanza kwa kusikiliza tu.

Hesabu yenyewe

Wimbi linalosikika liitwe wimbi bebaji, nalo liwe na marudio b. Wimbi linalolitikisa liitwe wimbi geuzi, nalo liwe na marudio g. Sauti inayotoka ni:

y = K sin (2πbt + M sin 2πgt)

Hapa t ni wakati kwa sekunde, K ni kimo cha sauti, na M ni kipimo cha mgeuko, yaani namba inayoonyesha wimbi geuzi linavuruga kiasi gani. Msomaji makini ataona kwamba kinachoongezwa ni sehemu ya pembe. Marudio hubadilika kwa sababu pembe inabadilika. Ndivyo DX7 inavyofanya kazi kwa kweli, ingawa jina la FM, lenye maana ya kugeuza marudio, ndilo lililozoeleka.

Hesabu hiyo ikifunguliwa, hutokea mawimbi yenye marudio ya b, b + g, b − g, b + 2g, b − 2g, na kuendelea pande zote mbili. Uwiano wa b kwa g huamua mawimbi hayo yatakaa wapi. M huamua kila moja litakuwa na kimo gani. Rangi nzima ya sauti imefungwa katika namba hizi mbili.

Vimo husomwa katika jedwali la vitendaji vya Bessel, lililomo katika vitabu vingi vya hisabati ya juu. M ikiwa 0, wimbi bebaji hubaki peke yake. M ikiwa 1, wimbi bebaji huwa na kimo cha 0.765, mawimbi ya kwanza ya pembeni 0.440, ya pili 0.115, ya tatu 0.020. M ikiwa 2, namba huwa 0.224, 0.577, 0.353 na 0.129. Kimo kimehama kutoka katikati kwenda pembeni. Mwanafunzi apige kipeo cha pili cha kila namba, azidishe zile za pembeni kwa 2 kwa kuwa zipo kushoto na kulia, kisha ajumlishe: atapata 1 au karibu sana na 1 katika hali zote. Nishati haikuongezeka, imegawanywa upya.

Uwiano wa 1 kwa 1 unahitaji uangalifu. b na g zote zikiwa 440, basi b − 2g ni −440. Marudio hasi si jambo la kutisha: wimbi hilo husikika kama 440, ila limepinduliwa, hivyo kimo chake hutolewa kwenye kile cha wimbi lililopo hapo tayari. M ikiwa 1, wimbi la msingi litakuwa 0.765 − 0.115, yaani 0.650. M ikiwa 2, litakuwa 0.224 − 0.353, yaani −0.129. Alama ya kutoa huonyesha tu kwamba wimbi limepinduliwa. Wakati huohuo kigawe cha pili, kwa kukokotoa vivyo hivyo, hufikia 0.706. Kwa hiyo kigawe cha pili kimekuwa na nguvu mara tano ya wimbi la msingi, na sauti huwa kali kama ya shaba.

Kuanza na chombo

Vinanda hivi sasa vina umri wa zaidi ya miaka arobaini, na vingi vimepita mikononi mwa watu wengi. Kabla ya kuchomeka waya wa umeme, ni lazima kusoma kibandiko cha nyuma. Kilichotengenezwa kwa soko la Japani hutaka volti 100, na cha Marekani 120. Kikichomekwa moja kwa moja katika umeme wetu wa volti 230 kitaungua. Transfoma ya kushusha volti ni ya lazima. Jambo la pili ni betri ndogo ya ndani inayohifadhi sauti wakati umeme umezimwa. Betri nzima hutoa kama volti 3, na chombo chenyewe kinaweza kuonyesha kipimo hicho kiooni. Ikichoka, sauti zote zilizohifadhiwa hupotea. Katika DX7 ya kwanza betri imelehemiwa, kwa hiyo kuibadilisha ni kazi ya fundi, na sauti zinapaswa kuhamishiwa kwanza kwenye katriji ya kumbukumbu au kwenye kompyuta kupitia soketi za MIDI.

Shule isiyo na chombo haikosi la kufanya. Ipo programu ya bure iitwayo Dexed, inayoiga DX7 ndani ya kompyuta ya kawaida, na majaribio yanayofuata hufanyika humo vilevile.

DX7 ina mawimbi sita ya sini kwa kila kibao kinachobanwa, nayo huitwa opereta. Inaweza kutoa sauti 16 kwa wakati mmoja. Njia za kuunganisha opereta hizo, ipi igeuze ipi, ni 32, nazo zimechorwa juu ya kasha. Mwanzoni zote 32 zisimshughulishe mwanafunzi. Abonyeze FUNCTION, atafute maneno VOICE INIT, akubali. Chombo kitasafisha sauti iliyopo katika sehemu ya kazi na kuacha opereta ya 1 pekee ikisikika. Hilo ni wimbi tupu la sini, laini kama filimbi isiyo na pumzi.

Sasa abonyeze EDIT, achague opereta ya 2, ambayo katika mpangilio huu huigeuza opereta ya 1, na apandishe OUTPUT LEVEL yake taratibu kutoka 0. Kwa muda mrefu hatasikia badiliko kubwa. Sababu ni kwamba namba ya kiooni haiendi sawa na M: kila hatua nane huongeza M takriban mara mbili. Kwenye 70 hivi M ni 1, kwenye 78 ni 2, kwenye 86 ni 4, na 99 hufikia zaidi ya 12. Hapa ndipo wengi walipokata tamaa. Walisogeza kitelezi hadi nusu, wakasikia karibu hakuna kitu, wakakisukuma hadi mwisho, wakasikia mkwaruzo. Rangi nzuri nyingi hukaa kati ya 60 na 85.

Baada ya hapo abadilishe uwiano. Opereta ya 2 ikiwekwa 2.00, mawimbi huangukia 1, 3, 5, 7 pekee, na sauti huwa na uwazi wa ndani kama klarineti. Kwa kuwa uwiano hufuata kibao kinachobanwa, mpangilio huo wa vigawe hubaki uleule katika noti nene na nyembamba.

Ikiwekwa 1.40 hutokea jambo lingine. Katika noti ya G iliyo chini ya C ya katikati, b ni karibu hezi 200 na g ni 280. Mawimbi yatakuwa 200, 480, 760, na kwa upande wa chini 80, 360, 640. Sikio halipati msingi mmoja wa kuyaunganisha yote haya. Linasikia chuma kilichogongwa. Chowning mwenyewe alitumia 200 na 280 katika makala yake ya 1973 kuunda kengele, M ikianza kwenye 10 na kushuka hadi 0 katika sekunde 15. Kushuka huko kuna maana kubwa: kengele halisi hupoteza mawimbi yake ya juu mapema, ikabaki na mvumo laini.

Katika DX7 kushuka na kupanda huko huandikwa kwa namba nane kwa kila opereta, nne za mwendo na nne za kiwango. Katika opereta bebaji huamua ukubwa wa sauti, na katika opereta geuzi huamua rangi. Mfaransa Jean-Claude Risset, alipochambua tarumbeta kwa kompyuta katika miaka ya 1960, aliona kwamba kadiri sauti inavyokua ndivyo vigawe vya juu vinavyoongezeka. Chowning aliligeuza hilo kuwa kanuni: M ikue pamoja na ukubwa wa sauti. Uwiano wa 1 kwa 1, opereta zote mbili zikipanda pamoja haraka na kutulia, hutoa tarumbeta inayotambulika mara moja.

Kanuni hiyohiyo ipo kwenye kidole. Namba iitwayo KEY VELOCITY SENSITIVITY ikipandishwa katika opereta geuzi, anayegonga kibao kwa nguvu huongeza M. Piano ya umeme ya DX7 ilipendwa kwa ajili hiyo: ina opereta geuzi yenye uwiano wa 14, inayoongeza mlio mfupi wa chuma mwanzoni mwa noti, na mlio huo huja wazi pale tu mpigaji anapoutaka.

Zoezi

Opereta ya 1 iwekwe uwiano wa 3.00 na opereta ya 2 uwiano wa 2.00, noti ikiwa na hezi 300. Mwanafunzi aandike marudio ya mawimbi kumi na moja, matano ya kila upande pamoja na lile la katikati, ayapindue yaliyo hasi, kisha aeleze kwa nini sauti hii ni ya ukoo mmoja na ile ya uwiano wa 1 kwa 2. Majibu yaandikwe daftarini kwanza, ndipo kibao kibanwe.