Dondoo muhimu: Vibarua vya mtandaoni, Iyunga hadi Mkwawa

Mwanachuo wa Iyunga, Mbeya, au Mkwawa, Iringa, mwenye simu janja anaweza kulipwa kwa kusoma sentensi za Kiswahili kwa sauti, au kuchora visanduku pichani (hapa gari, pale mtu) ili kufundishia akili bandia. Ujira huwa senti za dola, kwa hiyo apige kwanza hesabu ya bando. Sauti arekodi asubuhi, kabla mvua ya Mbeya haijaanza kupiga bati.

Tatizo kubwa ni kupokea malipo. Akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania hutuma fedha tu, haipokei. Huduma ya malipo ya Payoneer hupokea na kupeleka benki, ila ina makato.

Wanaotoa kazi wakimdai “ada ya usajili”, aachane nao.

Na asirundike salio kwenye jukwaa la kazi: Machi 2024 jukwaa la vibarua hivi, Remotasks, liliwafungia milango Wakenya ghafla.