TAHADHARI KWA WANANCHI: UTAPELI WA UWEKEZAJI UNAOTANGULIZWA NA URAFIKI

Wananchi na watumishi wa Serikali wanatanabahishwa juu ya wizi unaofanywa kwa njia ya simu na intaneti, ambao mlango wake ni urafiki. Mvuvi wa Kizimkazi anafahamu kwamba samaki hafuati ndoana, hufuata chambo. Katika wizi huu chambo ni mapenzi na udugu wa bandia. Ndoana ni uwekezaji.

Tuchukue mfano. Mtumishi mstaafu, mkaazi wa Kizimkazi Dimbani, amelipwa kiinua mgongo. Anapokea ujumbe wa mtu asiyemjua, anayedai kukosea namba. Kwa wiki kadhaa wanajuliana hali na kuulizana habari za watoto, wala fedha haitajwi. Hatimaye rafiki anaeleza jinsi anavyopata faida kwa kununua sarafu za mtandaoni, na anamwelekeza kwenye programu fulani. Mstaafu anaweka kiasi kidogo, anaonyeshwa faida, na anaruhusiwa kutoa sehemu yake. Hapo imani hukamilika, naye huweka kiinua mgongo chote. Siku anayotaka kukitoa huambiwa alipe kwanza "kodi". Akilipa hudaiwa nyingine, kisha rafiki hutoweka.

Ieleweke kwamba faida ile haikuwapo kabisa. Tarakimu ziliandikwa na mwizi mwenyewe, na fedha kidogo zilizorejeshwa zilikuwa gharama ya chambo.

Aidha, huenda anayeandika ujumbe huo naye ni mateka. Mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wapatao 100,000 nchini Kambodia, walikuwa wakishurutishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu walitolewa katika makambi ya eneo la Myawaddy, Myanmar, wakiwamo Waethiopia na Wakenya. Wengi walihadaiwa kwa ahadi ya ajira. Hivyo, kijana anayeahidiwa kazi ya mbali na mtu asiyemjua naye achunguze kabla ya kusafiri.

Kuibiwa kwa njia ya kuaminiana si jambo geni nchini. Wanachama wa DECI, iliyoongozwa na wachungaji, "walipanda mbegu" za fedha hadi Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani viongozi wake kadhaa.

Kwa hiyo, wananchi wazingatie yafuatayo:

1. Usimpe fedha za kuwekeza mtu ambaye hujapata kuonana naye, hata kama mmezungumza miezi mingi.

2. Uliza Benki Kuu ya Tanzania, yenye tawi hapa Zanzibar, kama taasisi inayopokea fedha zako ina leseni.

3. Usilipe ada yoyote ili upewe fedha zako mwenyewe.

4. Shauriana na jamaa kabla ya kutoa fedha. Ada ya wazee wetu ni kuandikiana na kuweka mashahidi. Anayekutaka ufanye siri ana jambo.

Aliyekwisha kutapeliwa ahifadhi ujumbe na risiti, aripoti kituo cha Polisi, na atume namba ya tapeli kwenda 15040. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Zanzibar pia. Aibu isimzuie mtu kusema, kwani kimya chake ndicho kinachompa mwizi nafasi ya kumwendea jirani.

Wahenga walisema: umdhaniaye ndiye, kumbe siye.