Kijana Akikata Tamaa, Muulize Waziwazi

Hadi Januari 2025, mtu aliyejaribu kujiua nchini Kenya akanusurika alihesabiwa mhalifu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya astahili kifungo cha hadi miaka miwili, faini, au vyote viwili. Ndiyo maana familia nyingi zilifika hospitalini zikasema ilikuwa ajali. Mgonjwa akatibiwa mwili, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na kilichomsibu moyoni kikabaki palepale. Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo, mzazi, usiogope tena kumweleza daktari ukweli wote.

Shirika la Afya Duniani linasema kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wa umri wa miaka 15 hadi 29. Dalili mara nyingi huonekana mapema, ila tunaziita utundu, uvivu au "mambo ya ujana". Mtoto aliyependa mpira anaacha kwenda uwanjani. Halali, au analala mchana kutwa. Anagawa vitu anavyovithamini. Anasema, "Nimewachosha," au "Nisingekuwepo mngepumzika." Maneno kama hayo yasikupite, hata akiyasema huku anacheka.

Wengi wetu tunanyamaza kwa kuogopa kwamba tukimuuliza tutampandikizia wazo. Sivyo. Kumuuliza hakumsukumi kujiua. Wengi hupata ahueni wanapoona kuna mtu aliyethubutu kulitaja jambo lenyewe. Usimwite sebuleni mbele ya wajomba na shangazi kama aliyeshtakiwa. Kaa naye mkichambua mboga, au mtembee pamoja kwenda dukani, kisha umwambie: "Naona siku hizi huli, na juzi ulisema umechoka na kila kitu. Je, umefikiria kujiua?"

Akijibu ndiyo, huo si wakati wa kumkemea wala kumkumbusha karo uliyomlipia. Hata maombi, yenye nafasi yake, yasichukue nafasi ya matibabu. Mwambie, "Asante kwa kuniambia, mwanangu. Tutalibeba pamoja." Muulize kama ameshapanga namna au siku. Usimwahidi kwamba itakuwa siri, kwa sababu utahitaji msaada. Dawa za shambani na za hospitali zifungie, ufunguo ukae nawe, au zihamishie kwa jirani. Hili watu hulidharau, lakini ni kinga kubwa: wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda ghafla na kushuka, na kijana asipokuwa na kitu cha hatari karibu, anapata muda wa kuokolewa.

Akiwa na mpango, au akiwa tayari amejidhuru, asiachwe peke yake hata dakika moja. Mpeleke hospitali iliyo karibu usiku huohuo. Kama hatari si ya papo hapo, piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto; kijana mwenyewe anaweza kuipiga, na Tanzania pia wanatumia namba hiyohiyo. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao hutoa ushauri bila malipo kwa 1199.

Shule za bweni zinanipa wasiwasi zaidi. Mwalimu wa ushauri nasaha mara nyingi ana vipindi vyake vya kufundisha, na huenda ndiye pia anayeadhibu. Mwanafunzi gani atamfungulia moyo mtu aliyemwadhibu asubuhi? Shule imteue mtu mwingine, na wanafunzi wamjue kwa jina.

Mtoto akitoka hospitalini, mzazi afike shuleni kabla yake. Akubaliane na mwalimu kuhusu siku za kliniki, nani atatunza dawa, mtoto atamwamsha nani usiku akizidiwa, na nini wenzake wataambiwa. Hilo la mwisho aulizwe mtoto mwenyewe kwanza.