Dondoo muhimu: Mzazi na chekechea ya ushirika, Bunia

Tangu 2019 shule za msingi za serikali nchini Kongo hazilipishwi karo. Chekechea haimo katika mpango huo, basi wazazi ndio nguzo.

• Chagueni kamati ya wazazi, COPA, kwa kura. Hesabu zisomwe mbele ya wote kila mwezi. Pesa zisizosemwa huvunja ushirika upesi.

• Asiye na franga atoe siku yake: apike uji, achote maji, atengeneze uzio. Iandikwe daftarini kama malipo kamili, ili mama aliyekimbia vita asijione ombaomba.

• Akina baba, njooni pia.

• Andikeni nani anaruhusiwa kumchukua kila mtoto. Risasi zikilia, hakuna wakati wa kuulizana.