HUKUMU YA KUNYOOSHA MENO NA KUYAPAMBA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baadu. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na pamoja nayo walipanda watu wengi wa Pwani, wenye biashara na wenye kazi za mikono. Wajukuu wao wangaliko mjini na katika vitongoji vyake, chini ya mlima Kilimanjaro. Mfano wa mas-ala haya ni mtu wa asili ya Tanga akaaye Rau, mwenye binti wa miaka 13. Meno ya juu ya binti huyo yametokeza mbele hata midomo haikutani. Ya chini yamepandana kama watu waliosongamana mlangoni. Na yote yana madoa ya rangi ya kahawia. Akicheka huziba kinywa kwa mtandio. Akisoma chuoni, herufi za sini na zai humtoka kwa mluzi, na wenzake humwigiza. Tabibu wa meno amesema kwamba meno hayo yanyoosheka kwa waya. Baba amekataa. Hoja yake ni kuwa jambo hili ni kubadili umbo la Mungu, na kwamba Mtume (s.a.w.) amewalaani wafanyao hivyo.

Baba huyu amekusudia kheri, lakini ameshika nusu ya hadithi na nusu ameiacha.

Hadithi yenyewe ni sahihi. Wameipokea Bukhari na Muslim kwa Abdallah bin Masud (r.a.), na ndani yake wametajwa wanawake watiao chale za rangi na watiwao, na wanyonyoao nyusi, na wajitiao mianya katika meno kwa ajili ya kutaka uzuri. Neno hili la mwisho, la kutaka uzuri, ndilo lililomponyoka baba. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, nao ni mwaka 1277 wa Miladi, ameieleza hadithi hii katika sherehe yake ya Sahihi Muslim. Amebainisha kuwa kilichoharimishwa ni kile kifanywacho kwa kutafuta uzuri tu. Ama mtu akihitajia kwa matibabu, au kwa aibu iliyomo katika jino, hapana ubaya. Tena ameeleza desturi iliyokuwako: vikongwe na wanawake waliokaribia ukongwe walikuwa wakiyapiga tupa meno yao ili waonekane wasichana. Basi humo mlikuwa na kuharibu jino zima, na mlikuwa na udanganyifu. Meno ya binti wa Rau hayana hata moja katika haya mawili. Mdomo usiofunga ni aibu ya umbo, na meno yaliyopandana hushika chakula yakaoza, na mswaki hauyafikii.

Iko na hadithi nyingine, waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, ya Arfaja bin Asad (r.a.). Sahaba huyu pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab, zama za Jahilia. Akajifanyia pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru afanye ya dhahabu. Dhahabu imeharimishwa kwa wanaume, na mtu aweza kuishi bila ya pua nzuri. Lakini aibu iliondolewa, tena kwa dhahabu. Kwa hadithi hii maulamaa wa Kishafii wamejuzisha pua na jino la dhahabu kwa aliyepotewa na vyake, na Tirmidhi ametaja kuwa wanavyuoni kadha wa kadha walifunga meno yao kwa dhahabu. Ama mwanamume mwenye jino zima, akalivika dhahabu ili ling'are barazani anapocheka, huyo hana hoja kwa Arfaja.

Watu wa Pwani wana jambo lao katika mlango huu, nalo ni mwanya. Mwanya husifiwa tangu zamani. Mposaji akiulizia sura ya mchumba, mwanya hutajwa mapema, pamoja na vishimo vya mashavu. Mwanya wa kuzaliwa ni neema ya Mungu, wala hapana amri ya kuuziba. Lakini wako walioupata kwa tupa, na huo ndio hasa uliotajwa katika hadithi, neno kwa neno. Mume aufurahiaye mwanya wa tupa wa mkewe, kisha akamkataza bintiye waya kwa jina la dini, amehalalisha haramu na kuharimisha halali ndani ya nyumba moja. Kadhalika ada za bara, kama kuchonga meno yawe na ncha, ilivyokuwa kwa Wamakonde, au kung'oa meno mawili ya chini ya mbele, kama wafanyavyo Wamasai: Muislamu haiandami ada kwa kuwa ni ada. Gamba jeupe la jino likisha kupigwa tupa halioti tena maisha.

Elimu hii ya kutengeneza meno si ngeni kwa Waislamu. Abul-Kasim Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki karibu na mwaka 1013 wa Miladi, ameandika katika kitabu chake cha Tasrif namna ya kufunga meno yanayolegea kwa uzi wa dhahabu, akaitanguliza dhahabu kwa kuwa fedha hubadilika rangi. Ameandika pia namna ya kupunguza kwa tupa jino lililoota mahali pasipo pake, na namna ya kuchonga jino la mfupa wa ng'ombe likae pahala pa lililong'oka. Aliyoyafanya huyo kwa tupa, leo hufanywa kwa subira.

Kwani jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika mbao. Limeshikwa na nyuzi laini, na mfupa ulio kandoni mwake ni kitu chenye uhai. Likisukumwa pole pole upande mmoja, mfupa wa mbele yake huyeyuka kidogo kidogo, na nyuma yake hujengeka mwingine. Waya hufanya kazi hiyo tu. Vipande vidogo hugandishwa juu ya meno, waya hupita ndani yake, na tabibu huirekebisha baada ya kila majuma machache. Kazi huchukua kiasi cha mwaka mmoja na nusu hata miwili, na pengine zaidi. Nafasi ikiwa haba kabisa, huenda likang'olewa jino au mawili ya nyuma ya chonge ili mengine yapate kupangika; hili nalo ni la haja, si la mchezo. Waya zikitolewa, huvaliwa kishikizo, maana meno hupenda kurudi yalikotoka. Wengi wamepoteza fedha zao kwa kukidharau kishikizo. Yako pia magamba ya plastiki yasiyoonekana, ya kuvua na kuvaa, lakini si kila meno yanayafaa. Wakati mwepesi ni ule wa taya kukua, baina ya miaka 11 na 14. Mtu mzima naye hunyosheka ikiwa fizi zake ni nzima. Mtu wa Rau hana haja ya kwenda mbali kuuliza: hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 iko jirani naye, na ina matabibu wa meno.

Huulizwa sana habari ya udhu. Kwa madhehebu ya Shafii kusukutua ni sunna, katika udhu na katika josho, basi waya hazizuii kitu. Kwa Mahanafi kusukutua katika josho ni faradhi, lakini kilichogandishwa kwa haja, na kukitoa ni mashaka, kimesamehewa. Magamba ya kuvuliwa na yavuliwe. Katika Ramadhani, kurekebishwa waya hakufunguzi, maadamu hapana kilichomezwa kwa kusudi.

Yamebaki madoa, na hapa baba ana kazi kubwa kuliko ya kutoa fedha. Madoa haya si uchafu, wala hayatoki kwa mswaki. Hutokana na madini yaitwayo floraidi, ambayo yakiwa machache hulinda jino, na yakizidi huliharibu gamba lake wakati lingali likiumbika ndani ya taya, kabla ya mtoto kutimiza miaka 8 hivi. Shirika la Afya la Dunia limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita ya maji. Upande wa Meru maji mengi hupita mpaka huo. Kijiji cha Maji ya Chai ni mashuhuri kwa jambo hili. Maji ya mito itokayo Kilimanjaro kwa kawaida ni salama zaidi, na kwa hivyo watu hushangaa kuyaona madoa huko pia. Wataalamu wamekuta sababu nyingine jikoni: magadi. Magadi hutiwa katika maharage, makande na kiburu ili viive upesi, na mtoto hulishwa chakula hicho tangu kuachishwa ziwa. Magadi ya namna nyingine yamejaa floraidi. Nyumba yenye watoto wadogo na iyaache, maharage yaroweshwe usiku kucha.

Madoa yakisha kuingia, dawa ya kung'arisha huyapunguza mepesi, na mazito pengine huyadhihirisha zaidi, kwa kuwa jino lote huwa jeupe na doa likabaki. Tabibu aweza kuyakwangua kidogo kwa tindikali yake maalumu, au kuyafunika kwa gamba la kauri au la rangi ya jino. Kufunika doa la ugonjwa kwaingia katika kuondoa aibu. Kulichonga jino zima ili lipachikwe gamba jeupe kuliko la mwenziwe, hilo lamrudia yule mwenye tupa.

Kwa wenye maji mabaya, kiko kichungi cha makaa ya mifupa. Kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya kazi hiyo. Mifupa ya ng'ombe huchomwa, ikasagwa, na maji yakipita humo huacha floraidi. Mshafii na aulize mifupa imetoka kwa mnyama gani, kwani kwa madhehebu yake mfupa wa mzoga ni najisi, na moto hauutwaharishi. Mahanafi ni wapesi hapa. Ikiwa imetoka kwa ng'ombe aliyechinjwa kisharia, maji yake ni tohara, ya kunywa na ya udhu. Wallahu aalam.