Kifukofuko Kisichojulikana Jina

Jina la Michenzani, katika mji wa Unguja, latokana na mchenza. Ijapokuwa leo mahali pale pajulikana zaidi kwa majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, katika nyua za mitaa ile huonekana bado mndimu au mlimau, pengine umepandwa katika debe. Miti ya jamaa hiyo ina mdudu wake, ambaye watu wengi wamemwona mara mbili au tatu wasijue kuwa ni yule yule.

Mtu afagiaye ua huona kitu kimeshikamana na kijiti, hakina miguu wala mdomo. Mmoja hukitia moto papo hapo, akidhani kina sumu. Mwingine hukipasua kwa ukucha aone kilichomo. Wote wawili hawatajua kama wameua adui wa mti wao au mlinzi wake, na kwa mtu mwenye mche mmoja tu wa ndimu hilo si neno dogo.

Basi, ndugu msomaji, kwanza utazame kama kitu hicho kimevikwa nyuzi. Kifukofuko hasa ni nyumba ya nyuzi ambayo kiwavi hujisokotea mwenyewe kabla ya kugeuka. Nondo wengi hufanya hivyo. Hata hariri ya madukani ni uzi wa kifukofuko, na uzi wa kimoja ukinyoshwa waweza kupita mita 1,000. Lakini kipepeo kwa kawaida hajifuniki. Kiwavi wake huvua ngozi ya mwisho, na kinachobaki, kiitwacho pupa, hukaa wazi. Kipepeo wa mndimu, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, hushika kijiti kwa mkia, kisha huwa na uzi uliomzunguka kati, kama mtu aliyejifunga kamba kiunoni asianguke. Rangi yake huwa ya kijani au ya udongo, kufuatana na mahali alipojishikiza.

Kabla ya hapo alikuwa kiwavi. Akiwa mdogo hufanana kabisa na mavi ya ndege, hata ndege wenyewe humpita. Akikua huwa wa kijani, na ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali, wala hazidhuru. Mti mkubwa haupati hasara kwa viwavi wachache. Mche mchanga waweza kumalizwa majani yote, kwa hiyo huko waokotwe kwa mkono. Sioni haja ya kununua dawa ya kupulizia kwa ajili ya viwavi wanne, hasa kwa sababu ya jambo linalofuata.

Si kila aingiaye ndiye atokaye. Wako nyigu wadogo sana, wasiouma watu, ambao hutaga mayai ndani ya kiwavi au ndani ya pupa. Watoto wao hula kilichomo. Ukiona vifukofuko vyeupe, vidogo kama punje za mchele, vimekusanyika karibu na kiwavi aliyedhoofika, hao ni nyigu, nao waachwe. Kiko pia kipipa kidogo cheupe chenye madoa meusi, kinaning'inia kwa uzi chini ya jani. Watu hukistaajabia sana, na hicho nacho ni cha nyigu, wa jamaa iitwayo Charops. Dawa ya kupulizia huwaua hao pamoja na viwavi.

Atakaye kujua kwa hakika akikate kijiti pamoja na kitu chenyewe, asikibandue. Akitie katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, afunike kwa kitambaa chepesi, aiweke kivulini juu ya sahani ya maji ili sisimizi wasifike. Aandike tarehe, jina la mti na rangi. Kipepeo wa mndimu mara nyingi hutoka baada ya majuma mawili au matatu, naye ni mweusi mwenye mabaka ya manjano. Kijiti kiwe kimesimama, maana hana budi kuning'inia hata mabawa yake yanyoke. Pupa ikibaki na tundu dogo la mviringo ubavuni, aliyetoka ni nyigu. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto hayo yote bila gharama.

Kifukofuko chenye nywele kisishikwe kwa mkono mtupu, kwa maana nywele za viwavi wengine huwasha siku nyingi hata baada ya mwenyewe kuondoka.

Na kile kifuko kilichofunikwa vijiti, kama mzigo mdogo wa kuni, usikingojee sana. Kiwavi wake hutembea nacho, akitoa kichwa tu. Dume hutoka akiwa nondo mwenye mabawa, lakini katika aina nyingi jike hana mabawa kamwe. Hutaga mayai mle mle, na mle mle hufa.