Ghala ndani ya yai

Swali: Nasikia yai la mamalia likishakua huacha kutengeneza RNA. Kiinitete basi huanza na nini?

Jibu: Na akiba ya mama. Yai la panya wa maabara hunakili jeni kuwa RNA kwa bidii linapokua. Likikaribia upana wa mikroni 80, kazi husimama. Nakala nyingi hazitumiki papo hapo: mkia wake wa adenini hufupishwa, nazo hulala. Mwaka 2022 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walilionyesha ghala lenyewe, limejikusanya kando ya mitokondria kwa msaada wa protini ZAR1. Ajabu, ufunguo ni ule ule mkia: yai likianza kukomaa, nakala ya jeni ya Mos hurefushwa mkia, na protini yake hutengenezwa. Baada ya kuanza na akiba hiyo, kiinitete cha panya huwasha jeni zake kwa nguvu kikiwa na seli 2. Cha binadamu, 4 hadi 8.